Historia ya Kuwashauri Wagonjwa wa Kisukari Wachanjwe Mafua

Mgonjwa wa kisukari akipatwa na homa kali ya mafua hukabiliana na maradhi mawili kwa pamoja. Mwili unaopigana na virusi hutoa homoni zinazopandisha sukari, homa na kutapika humkausha maji, na dozi ya insulini au vidonge iliyomtosha jana haimtoshi leo. Insulini ikipungua mno, mwili huanza kuyeyusha mafuta, damu hujaa tindikali ya ketoni, na asipowahishwa hospitali mgonjwa hupoteza fahamu. Sukari nyingi pia hudhoofisha chembe nyeupe za damu, hivyo bakteria wa nimonia huyakuta mapafu yamekwisha kujeruhiwa na kinga imelegea. Chanjo inayopunguza hatari hiyo ilianza kutolewa kwa raia mwaka 1945, na ushauri rasmi kwamba wenye kisukari wachanjwe kila mwaka una zaidi ya miaka 60. Hata hivyo, katika nchi nyingi idadi kubwa ya wagonjwa hao hawajawahi kuchanjwa, na watafiti walipouliza kwa nini, jibu moja lilijitokeza mara nyingi: hakuna mhudumu wa afya aliyewaambia.

Hatari yenyewe ilijulikana kabla ya dawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 tiba pekee ya kisukari ilikuwa kupunguza chakula hadi mgonjwa kukonda kupita kiasi, na madaktari walijua kwamba ugonjwa wowote wa kuambukiza ungeweza kumpeleka katika kupoteza fahamu na kufa. Mafua makuu ya 1918 yaliwakuta wagonjwa hao bila kinga yoyote. Janga hilo, linalokadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 duniani, lilifika pwani ya Kenya kwa meli mwezi Septemba 1918, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia kwisha na wapagazi wa vita wakiwa wamechoka na kudhoofika. Utafiti wa kumbukumbu za utawala wa kikoloni umekadiria kwamba pwani hiyo ilipoteza takriban watu 25 katika kila 1,000. Ni wangapi kati yao walikuwa na kisukari hakuna daftari lililoandika, kwa kuwa hakukuwa na aliyewapima.

Insulini ilitengenezwa Toronto mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Dawa hiyo ilikuza kundi la watu ambalo kabla yake lilikuwa dogo: watu wanaoishi na kisukari kwa miaka mingi, wanaofanya kazi na kuzeeka, na ambao kila msimu wa mafua huwapitia na hatari yake. Ndiyo maana historia ya chanjo hii kwa wenye kisukari haiwezi kuanza kabla ya insulini. Kabla yake kulikuwa na watu wachache mno waliobaki hai wa kulindwa.

Kwa upande wa mafua, kilichokosekana ni kumjua adui. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alidai kuwa chanzo ni bakteria aliyemwona katika makohozi ya wagonjwa, na kosa hilo lilidumu hadi baada ya 1918. Chanjo zilizotengenezwa wakati wa janga zililenga bakteria, nazo hazikuweza kuzuia mafua. Mwaka 1933 Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, watafiti wa London, walifaulu kumwambukiza ferreti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, kwa maji ya koo la mgonjwa yaliyochujwa hadi bakteria wote kuondolewa. Kirusi kikawa kimepatikana. Muda mfupi baadaye Macfarlane Burnet wa Australia alionyesha kwamba kirusi hicho hukua ndani ya yai la kuku lenye kiinitete, na kuanzia hapo mayai yakawa kiwanda cha chanjo ya mafua, kama yalivyo kwa sehemu kubwa hadi leo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoharakisha mambo. Jeshi la Marekani, likikumbuka askari waliokufa kambini mwaka 1918, liliunda tume ya mafua mwaka 1941 na kumkabidhi mtafiti wa virusi Thomas Francis, ambaye msaidizi wake alikuwa Jonas Salk, aliyekuja kujulikana zaidi kwa chanjo ya polio. Chanjo ya virusi vilivyouawa ilijaribiwa kwa vijana wa kijeshi mwaka 1943, ikafanya kazi, na mwaka 1945 ikaruhusiwa kwa raia. Miaka miwili baadaye ikashindwa. Kirusi kilichosambaa mwaka 1947 kilikuwa kimebadilika kiasi kwamba chanjo haikukitambua. Somo hilo lilizaa mtandao wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia virusi vya mafua, ulioanza rasmi mwaka 1952, lakini lilizaa pia shaka iliyokaa muda mrefu vichwani mwa madaktari: chanjo inayohitaji kubadilishwa mara kwa mara, na ambayo mwaka mmoja hulinda na mwaka mwingine haifanyi kitu, inafaa kushauriwa kwa nguvu kiasi gani?

Jibu la serikali lilikuja baada ya janga la 1957. Kirusi kipya kilianzia Asia ya Mashariki, na Marekani peke yake ilihesabu takriban vifo 86,000 vya ziada kati ya msimu wa mapukutiko wa 1957 na mwanzo wa 1960, yaani vifo vilivyopita idadi inayotarajiwa kwa majira kama hayo. Waliochunguza hesabu hizo waliona kwamba mafua hayakuua ovyo. Yalichagua wazee, wajawazito, na wenye maradhi ya moyo, ya mapafu na ya kisukari. Mwaka 1960 Leroy Burney, mkuu wa huduma ya afya ya umma ya Marekani, alitoa tamko kwamba makundi hayo yachanjwe kila mwaka, na kisukari kilitajwa kwa jina. Huo ndio mwanzo wa ushauri rasmi ambao nchi nyingine za Magharibi ziliufuata kwa namna zake.

Tamko hilo lilikuwa na upungufu mmoja ambao wataalamu wa wakati ule hawakuuficha. Chanjo ilikuwa imejaribiwa kwa askari vijana wenye afya. Hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba huokoa maisha ya mzee mwenye moyo mbovu au mama mwenye kisukari. Mwaka 1964 Alexander Langmuir, mwanzilishi wa mfumo wa Marekani wa kufuatilia magonjwa, na wenzake waliandika wazi kwamba baada ya miaka kadhaa ya ushauri huo hawakuona dalili kwamba vifo vya mafua vimepungua. Kamati mpya ya serikali ya kushauri kuhusu chanjo, iliyoundwa mwaka huohuo, iliendelea kuunga mkono chanjo kwa makundi ya hatari, ikikiri kwamba ushahidi haujakamilika. Daktari wa mtaani alibaki kati ya maneno haya mawili. Isitoshe, chanjo za miaka ile hazikuwa zimesafishwa vizuri: mkono ulivimba, homa ilipanda, na mgonjwa aliondoka akiamini kwamba sindano ndiyo iliyompa mafua. Mashine mpya za kutenganisha virusi na uchafu wa mayai, zilizoingia mwishoni mwa miaka ya 1960, zilipunguza sana tatizo hilo, lakini imani kwamba sindano huleta mafua ilikuwa imekwisha kuota mizizi, na wauguzi waliisikia kwa wagonjwa na wengine waliiamini wao wenyewe.

Ushahidi wa kwanza wa wazi kuhusu kisukari haukuhusu chanjo bali ugonjwa. Katika mlipuko wa majira ya baridi ya 1969 hadi 1970, madaktari wa Birmingham, Uingereza, walieleza jinsi mafua yalivyowaleta wodini wagonjwa wa kisukari wakiwa na tindikali katika damu, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1970. Watafiti wa Uholanzi nao walikuja kuonyesha kwamba katika miaka ya milipuko mikubwa wagonjwa wa kisukari walilazwa na kufa kwa mafua na nimonia zaidi kuliko watu wa rika lao. Kwa daktari wa kisukari taarifa hizi zilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu zilizungumzia kitu anachokijua: mgonjwa wake anayeletwa usiku akihema kwa nguvu, pumzi ikinuka ketoni, baada ya wiki moja ya mafua.

Kisha ukaja mwaka 1976. Katika kambi ya Fort Dix, New Jersey, askari mmoja alikufa kwa kirusi cha mafua ya nguruwe kilichofanana na kile kilichodhaniwa kuwa cha 1918, na Rais Gerald Ford akaamuru taifa zima lichanjwe. Zaidi ya watu milioni 40 walichanjwa. Janga halikutokea, bali zilijitokeza taarifa za ugonjwa wa nadra wa kupooza, Guillain-Barré, kwa baadhi ya waliochanjwa, na kampeni ikasimamishwa Desemba mwaka huo. Hatari kwa kila mtu ilikuwa ndogo, takriban mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 100,000, lakini hasara kwa imani ilikuwa kubwa kuliko hesabu hiyo. Daktari anayemshauri mgonjwa achanjwe hubeba sehemu ya lawama ikiwa jambo baya litatokea. Akinyamaza na mgonjwa akafa kwa nimonia, hakuna anayemnyooshea kidole. Tofauti hiyo ya mzigo, ambayo haionekani katika jedwali lolote la takwimu, huenda inasaidia kueleza kwa nini wahudumu wengi walichagua ukimya katika miaka iliyofuata.

Ukimya huo ulikuwa na gharama, na gharama yake ilipimwa. Mwaka 1988 uchunguzi uliofanyika katika kaunti za DeKalb na Fulton, jimboni Georgia, uliwauliza watu walio katika hatari juu ya mitazamo yao na kama daktari au muuguzi aliwashauri. Ushauri wa mhudumu ulihusiana na kuchanjwa kuliko karibu jambo jingine lolote, hata miongoni mwa watu ambao wenyewe hawakuipenda chanjo. Katika miaka ya 1990 tafiti nyingine, zikiwemo za Kristin Nichol wa Minneapolis, zilifikia jambo hilohilo. Kabla ya hapo wataalamu walidhani kazi kubwa ni kuwaelimisha wananchi kwa matangazo. Kumbe mwenye kisukari anayeogopa sindano humsikiliza mtu anayempima sukari kila mwezi, anayejua jina lake na historia ya dozi zake. Kama mtu huyo hataji mafua, mgonjwa hufikia uamuzi wa busara kabisa kwamba jambo hilo si muhimu kwake.

Hivyo swali likageuka. Badala ya kuuliza kwa nini wagonjwa wanakataa, watafiti wakaanza kuuliza kwa nini wahudumu hawasemi, na majibu yaliyorudi kutoka nchi mbalimbali yalifanana. Muda ni mfupi, na kliniki ya kisukari ina mengi ya kumaliza: sukari, shinikizo la damu, figo, macho, miguu, chakula, dawa. Daktari bingwa hudhani chanjo ni kazi ya daktari wa familia, na daktari wa familia hudhani bingwa amekwisha kuitaja. Wengine hawakuwa na hakika kama chanjo inafanya kazi kwa mtu mwenye kisukari, wakidhani kinga yake ni dhaifu mno kuitikia, ingawa tafiti zimeonyesha kwamba wengi wao hutengeneza kingamwili kwa kiwango cha kuridhisha. Jambo jingine, lililojitokeza karibu kila mahali lilipochunguzwa, ni kwamba mhudumu asiyechanjwa mwenyewe hushauri mara chache kuliko aliyechanjwa.

Sehemu zilizofaulu hazikuutegemea moyo wa mtu mmoja mmoja. Katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Minneapolis, mwishoni mwa miaka ya 1980, uongozi uliwapa wauguzi agizo la kudumu: kila mgonjwa aliye katika hatari aulizwe na achanjwe bila kungoja daktari aandike. Muuguzi, ambaye hukaa na mgonjwa muda mrefu zaidi, aliondolewa kizuizi, na waliochanjwa wakaongezeka sana. Mwaka 1993 bima ya wazee ya Marekani, Medicare, ilianza kulipia chanjo hiyo. Uholanzi katika miaka ya 1990 ilijenga mpango wa taifa uliowapa madaktari wa familia kazi nzima: kompyuta ya kliniki iliwatafuta wenye kisukari, barua yenye jina la daktari wao iliwaita, na sindano ilitolewa mahali walipozoea kutibiwa. Uingereza mwaka 2004 iliiweka chanjo ya mafua kwa wagonjwa wa kisukari kuwa moja ya vipimo vinavyoamua malipo ya kliniki za madaktari wa familia. Kuna wanaosikitika kwamba fedha ilihitajika. Lakini malipo hayo yalifanya kitu ambacho waraka wa wizara haukuweza kukifanya, nacho ni kumlazimisha mtu fulani katika kila kliniki kuwa na orodha ya wagonjwa wake na kujua nani hajachanjwa.

Wakati mifumo hiyo ikijengwa, ushahidi uliokosekana mwaka 1964 ulianza kujaa. Mwaka 1997 watafiti wa Leicestershire, Uingereza, walilinganisha wagonjwa wa kisukari waliolazwa katika milipuko miwili na wenzao wasiolazwa, wakakadiria kwamba chanjo ilipunguza kulazwa kwa asilimia 79; kundi lilikuwa dogo na makadirio yalikuwa mapana, lakini mwelekeo ulikuwa bayana. Mwaka 2006 utafiti mkubwa zaidi wa Uholanzi uliwapima wagonjwa katika mlipuko wa 1999 hadi 2000 na kukuta kulazwa kumepungua kwa asilimia 54 na vifo kwa asilimia 58. Mwaka 2020 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 240,000 wenye kisukari waliofuatiliwa katika misimu tisa, ambamo waliochanjwa walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 17. Takwimu hii ya mwisho ni ndogo kuliko zile za mwanzo, nayo huenda iko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu watu wanaojali afya zao ndio pia wanaochanjwa na tafiti ndogo hazikuweza kutenganisha mambo hayo mawili. Mhudumu anayetaka kumwambia mgonjwa ukweli hana haja ya kuahidi asilimia 79. Kupunguza hatari ya kifo kwa chini ya moja ya tano, kwa sindano moja kwa mwaka, ni faida kubwa inayotosha kutajwa kama ilivyo.

Janga la 2009 lilipima yote haya. Kirusi kipya cha H1N1 kiliwashambulia vijana zaidi, lakini kisukari kilijitokeza tena: uchunguzi wa Quebec, Kanada, ulionyesha kwamba kilizidisha hatari ya kulazwa mara tatu, na kwa waliolazwa kilizidisha mara nne hatari ya kuhitaji chumba cha uangalizi maalumu. Chanjo ilipatikana ndani ya miezi michache. Ufaransa iliagiza dozi milioni 94, ikaamua watu wachanjwe katika kumbi maalumu badala ya kliniki za madaktari wa familia, na mwishowe ikachanja takriban asilimia 8 tu ya wananchi wake. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo uvumi na hofu ya dawa mpya, lakini kumtenga daktari ambaye familia inamwamini kulikuwa kosa kubwa, na wahudumu wengi wa afya wa Ulaya wenyewe hawakuchanjwa. Mgonjwa wa kisukari aliyemuuliza daktari wake kama aende ukumbini mara nyingi alimkuta daktari asiyekuwa na chanjo mkononi wala hakika moyoni.

Afrika Mashariki imeifikia historia hii kwa njia nyingine. Kisukari kilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa nadra huku. Donald McLarty na wenzake wa hospitali ya Muhimbili, katika utafiti wa vijiji vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989, walikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima wana ugonjwa huo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ukakuta takriban asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mafua nayo yalidhaniwa kuwa ugonjwa wa nchi za baridi mpaka vituo vya kufuatilia virusi vilipoanzishwa Kenya na Tanzania katika muongo wa kwanza wa karne hii na kuonyesha kwamba virusi hivyo husambaa hapa pia, nchini Kenya karibu mwaka mzima. Hilo linaleta ugumu wake. Ulaya ina msimu mmoja na mhudumu huko anajua kwamba mwezi wa Oktoba ni wa kuchanja. Shirika la Afya Duniani tangu 1998 huchagua virusi vya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kaskazini na Septemba kwa kusini, na nchi zilizo kando ya ikweta hulazimika kuamua zichukue ipi na zianze lini.

Mwaka 2016 kamati ya kitaifa ya Kenya inayoishauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza chanjo ya mafua kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, uchaguzi unaoeleweka kwa nchi ambayo watoto wachanga ndio wanaolazwa zaidi. Kwa watu wazima wenye kisukari, chanjo hiyo haijawa sehemu ya huduma ya kawaida ya umma Kenya wala Tanzania. Hupatikana zaidi katika hospitali za binafsi na kliniki za wasafiri. Mahujaji ni mfano mmoja wa wazi, kwani Saudi Arabia huwashauri wanaokwenda Hija wachanjwe mafua, hasa wazee na wenye maradhi sugu, na kwa baadhi yao hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba kisukari na mafua vina uhusiano. Muuguzi wa kliniki ya kisukari ya wilaya hawezi kulaumiwa kwa kutoitaja chanjo ambayo jokofu la kituo chake halina. Ushauri usio na dawa humpa mgonjwa wasiwasi bila nafuu, na wauguzi wazoefu hulijua hilo.

Hali ilibadilika kwa sehemu mwaka 2021, chanjo za UVIKO-19 zilipofika. Kenya ilianza mwezi Machi na Tanzania mwezi Julai, na nchini Tanzania waliotangulizwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wa zaidi ya miaka 50 na wenye maradhi sugu, kisukari kikiwemo. Kwa mara ya kwanza kliniki za kisukari zikawa mahali ambapo mtu mzima huulizwa kama amechanjwa, na wagonjwa wakawageukia wauguzi na matabibu wao kuuliza kama nao wamedungwa. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa upya msimamo wake kuhusu chanjo ya mafua na kutaja makundi manne ambayo nchi zote zinapaswa kuyafikiria kwanza: wahudumu wa afya, wenye maradhi sugu kama kisukari, wazee, na wajawazito. Nchi huongeza watoto na makundi mengine kulingana na mzigo wake wa ugonjwa na fedha iliyopo.